Mganga hajigangi: kisa cha tiba iliyouvunja mchezo wetu

Kikao cha tatu cha mchezo wetu wa mezani wa kuigiza wahusika, ambao mimi ndiye msimulizi anayeuendesha, kilikwama mbele ya mlango wa jiwe. Wahusika wanne walikuwa ndani ya kaburi la mfalme, maji yamewafika magotini, na nyuma ya mlango kulikuwa na kitu kinachopumua. Mchezaji wa mganga akaniambia, "Ngoja kwanza nijitibu." Alikuwa amebakiwa na Uhai 3 kati ya 12. Akalipa Uhai 2, bei ya tiba moja, akarusha dadu, ikaja 4: Uhai 5. Akalipa 2 tena, ikaja 6: Uhai 9. Akalipa, ikaja 1: 8. Akalipa, ikaja 5: 11. Akalipa, ikaja 3, akajaa. Kisha akamgeukia askari na kuanza kumtibu yeye, na kila alipopungukiwa alirudi kujijaza mwenyewe. Sikuwa na neno la kumzuia, maana kanuni niliyoiandika ilimruhusu. Kile kitu nyuma ya mlango kiliendelea kupumua kwa karibu dakika 20 za saa ya ukutani. Mchezaji wa mwizi alikuwa ameshachukua simu yake.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kosa lililomo humkuta karibu kila anayebuni mfumo wa uchawi kwa ajili ya mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, na kwa sababu dawa yake tuliipata mahali nisipopatazamia: ndani ya lugha tuliyokuwa tunachezea.

Kanuni ilivyokuwa

Mfumo wetu wa kwanza ulikuwa na sarafu moja tu, Uhai. Nilitaka kila tendo la uganga limuume anayelitenda, ili asite kabla ya kulitumia na kusita huko kuwe ndiko mchezo wenyewe. Tendo dogo liligharimu Uhai 1, kubwa 3, zito 6. Tiba niliipa bei yake ya pekee: lipa 2, rusha dadu moja ya pande sita, na mtu yeyote unayemgusa atarudishiwa Uhai sawa na namba iliyotokea. Neno lililoleta balaa ni "yeyote".

Wastani wa dadu ya pande sita ni 3.5. Ukilipa 2 ili upate 3.5, kila tiba unayojifanyia inakuachia faida ya 1.5. Ukiangalia pande moja moja: nne kati ya sita zinakupa faida, moja ni sare, moja inakupotezea Uhai 1. Kutoka 3 hadi 12 ni takriban tiba sita. Usiku ule zilitosha tano. Na kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kukataza kurudia, Uhai haukuwa tena akiba inayopungua. Ulikuwa chemchemi.

Jambo ambalo sikuliona siku ile, na lililonichukua wiki nzima kulitambua, ni kwamba hitilafu haikuishia kwenye tiba. Matendo yote yalilipiwa kwa Uhai. Kama Uhai unarudi bure, basi tendo zito la bei 6, lile nililodhani litatumika mara moja katika safari nzima, bei yake halisi ilikuwa kurusha dadu mara nne hivi mahali penye utulivu. Orodha yangu yote ya bei ilikuwa uongo. Bei inayoweza kununuliwa upya kwa bidhaa ile ile iliyolipiwa si bei.

Wabunifu wengine walishaliona hili zamani. Shadowrun, mchezo uliotoka mwaka 1989, nao humtoza mlozi kwa mwili wake: kila anapotenda, uchovu wa ulozi unaweza kumdhuru. Lakini katika toleo la nne na la tano kanuni zinasema wazi kwamba madhara ya aina hiyo hayaondolewi kwa ulozi. Dawa yake ni kupumzika. Sentensi moja tu, na mlango umefungwa. Mimi niliiga gharama nikaiacha sentensi.

Marekebisho mawili yaliyoshindikana

La kwanza lilikuwa la haraka: nikapandisha bei ya tiba kutoka 2 hadi 4. Sasa mganga alipata hasara ya nusu kwa wastani kila alipojitibu, na chemchemi ikakauka. Lakini na askari naye aliacha kutibiwa. Nani atoe 4 ya kwake ili mwenzake apate 3.5? Kikao cha nne askari alilala chini akivuja damu hatua mbili kutoka kwa mganga, na mganga, kwa hesabu sahihi kabisa, akaamua kutumia zamu yake kurusha jiwe. Kanuni inayomfanya mtu mwema aonekane mjinga kwa kutenda wema haifai kukaa mezani hata kikao kimoja.

La pili nililifikiria zaidi. Nikarudisha bei ya 2 na kuweka kikomo: matendo matatu kwa siku. Hii ni njia ya kale kuliko zote katika michezo hii. Dungeons & Dragons ya mwaka 1974, iliyofungua mlango kwa michezo yote ya namna hii, ilimpa mlozi wa ngazi ya kwanza tendo moja tu kwa siku, na kasisi wa ngazi ya kwanza hakupewa hata hilo moja. Nikasema, kama kikomo cha siku kilitosha kwao, kitatosha na kwetu.

Hakikutosha. Wachezaji walitumia matendo matatu kwenye chumba cha kwanza, wakatoka nje, wakalala. Asubuhi wakaingia chumba cha pili, wakatumia matatu, wakatoka, wakalala. Wenye kucheza michezo hii wanaujua ugonjwa huu. Siku ya mashujaa inakuwa na dakika 15, zilizobaki ni usingizi. Niliporudi kusoma vizuri zile kanuni za 1974 nikaona nilichokiacha. Kule ndani ya mapango muda wenyewe ulikuwa na meno. Kila zamu ilihesabiwa dakika 10, na mwisho wa kila zamu mwendeshaji alirusha dadu. Ikija 6, kiumbe kinachorandaranda kimewafikia. Kaa saa moja, yaani zamu sita, na uwezekano wa kukutwa walau mara moja ni karibu asilimia 67. Kikomo cha siku kilifanya kazi kwa sababu siku yenyewe ilikuwa ghali. Mimi nilichukua kikomo, saa nikaiacha.

Ningeweza kuongeza saa. Kwa michezo mingi ningemshauri mtu afanye hivyo, maana ni njia rahisi na imara. Lakini mchezo wetu haukuwa wa mapango; baada ya kaburi lile wahusika walikuwa wanakwenda kukaa mjini, kusuluhisha ugomvi wa koo mbili, na kiumbe anayerandaranda kila dakika 10 hana nafasi katika baraza la wazee.

Neno lililotoka kwa askari

Mwisho wa kikao kile cha kulala-lala, mchezaji wa askari alikuwa anakusanya dadu zake. Akasema, akilalamika tu, "Lakini si husemwa mganga hajigangi?"

Sote tukanyamaza. Methali ambayo kila mmoja wetu aliijua tangu utotoni ilikuwa imekaa pale muda wote, na ilikuwa ile ile sentensi moja niliyoikosa. Anayetibu hajitibu. Hahitaji hesabu wala kikomo. Anahitaji mtu mwingine. Mara moja tiba inakuwa uhusiano kati ya watu wawili, na mganga mwenye nguvu kuliko wote mezani ndiye anayemhitaji mwenzake wa kumfunga kitambaa.

Hapo nikaanza kuiangalia lugha kwa jicho jingine. Katika rasimu ya kwanza kabisa nilikuwa nimeandika "mchawi" kwenye karatasi ya mhusika, na mchezaji wake akamchezesha kwa siri na hila, wenzake wakamwogopa, kwa kuwa mchawi kwa Kiswahili ni mtu anayedhuru. Nilipobadilisha nikaandika "mganga" tabia yote ya mhusika ikabadilika bila kugusa namba hata moja. Jina unalolipa kazi hii ni kanuni tayari. Na mganga, katika hadithi zetu na katika maneno yetu ya kila siku, haji peke yake. Huja na masharti.

Masharti ndiyo yakawa sarafu yetu mpya. Ukitenda tendo la uganga hulipi Uhai. Unabeba sharti: sentensi moja inayoanza na "Usi-", unayopaswa kuishika hadi macheo ya tatu. Usigeuke nyuma. Usivuke maji. Usitaje jina la mtu aliye hai. Ukilivunja, tendo lako linageuka.

Linageukaje? Hapa ndipo Kiswahili kilinipa zawadi ambayo sijui kama ningeipata kwingine. Nilikuwa nimevutiwa na Ars Magica ya mwaka 1987, ambapo mchezaji hujenga tendo kwa kuunganisha mbinu tano na maumbo kumi, kama kitenzi na jina, na kupata michanganyiko 50. Nilitaka kitu kama hicho, chepesi zaidi. Nikaorodhesha vitenzi, na nikiviandika nikaona vingi vina pacha wake: funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua, kunja na kunjua, fumba na fumbua, funika na funua, fukia na fukua, bandika na bandua. Lugha yenyewe imeshaweka mkia wa kutengua. Nikavichukua hivyo vinane vikawa uganga wote wa mchezo wetu. Mganga anaweza kufunga mlango au ulimi, kuziba jeraha au ufa, kutega kizingiti, kukunja njia ndefu ikawa fupi, kufumba maana ya barua, kufunika mtu asionekane, kufukia kumbukumbu, kubandika kivuli ukutani. Na sharti likivunjika, kitenzi kinajigeuza: kilichofungwa kinafunguka, kilichokunjwa kinakunjuka, kilichofukiwa kinafukuka. Wachezaji hawakuhitaji jedwali la madhara. Wakisikia kitenzi wanajua kitakachotokea kikigeuka, maana wanakisema kila siku.

Moto uliachwa nje. Washa na zima ni maneno mawili yasiyo na ukoo, na chomoa si kinyume cha kuchoma kwa moto. Mchezaji wa msomi alihuzunika sana, akasema mchezo wa uganga usio na moto haujakamilika. Nilikataa kuongeza kitenzi cha tisa, na bado naamini nilifanya sawa. Orodha fupi inayofuata sheria moja inakumbukwa mezani, orodha yenye viraka inafunguliwa kitabuni.

Nani aweke sharti

Hili lilitusumbua kuliko yote. Mganga alipojichagulia, alichagua la urahisi. Tukiwa mlimani kwenye baridi alijiwekea "Usile samaki". Nilipochagua mimi msimulizi, kila sharti lilionekana adhabu, na sura zao zilinionyesha hivyo. Tukaishia kuzipa dadu kazi hiyo. Tendo la uganga hufanikiwa daima. Unarusha dadu mbili na kujumlisha ustadi wako. Ukipata 10 au zaidi, unajiwekea sharti mwenyewe. Ukipata 7 hadi 9, analiweka mchezaji aliyekaa kushoto kwako. Ukipata 6 au chini, naliweka mimi. Mgawanyo huo wa ngazi tatu tuliuazima kutoka Apocalypse World ya mwaka 2010, ila kule dadu huamua kiasi gani umefaulu. Kwetu zinaamua nani ana neno la mwisho juu ya gharama.

Kwa ustadi wa 1, hesabu inapendeza: kati ya matokeo 36, kumi ni ya mganga, kumi na sita ya jirani, kumi ya msimulizi. Ustadi ukipanda hadi 2 mganga anapata 15, jirani 15, msimulizi anabaki na 6. Yaani mganga anavyokomaa haongezewi nguvu ya matendo, anaongezewa uhuru wa kuchagua mzigo wake. Nililipenda hili mara nilipoliona kwenye karatasi.

Tukaongeza vizuizi viwili tu. Sharti lazima liwe linaweza kuvunjwa kwa kitendo cha kawaida mahali walipo sasa. Hilo liliondoa samaki wa mlimani. Na mtu habebi zaidi ya masharti matatu kwa wakati mmoja. Kila sharti linaandikwa kwenye kadi na yule aliyeliweka, kwa mwandiko wake, na kadi inakaa katikati ya meza ikiangalia juu.

Darajani

Kikao cha tisa ndicho kilichonionyesha kama tumefika. Askari alikuwa amechomwa mkuki, jeraha la Uhai 7, na mganga alikuwa ameliziba. Dadu zilikuja 8, ustadi ukiwamo. Mchezaji wa mwizi, aliyekaa kushoto, aliandika kadi: "Usitaje jina la mtu aliye hai."

Jioni yake walifika kwenye daraja la kamba juu ya maporomoko. Ukungu mzito, maji yananguruma. Mwizi alikuwa mbele, msomi katikati, mganga bado ukingoni akiwa amemshikilia askari. Nikawaeleza wanachokiona wale wa ukingoni: ubao ulio mbele ya mwizi umeoza, na kamba ya nyuma ya msomi imeanza kukatika uzi kwa uzi. Mwizi asimame. Msomi akimbie.

Mchezaji wa mganga akafungua kinywa, akakifunga. "Nikipiga kelele 'simama', wote wawili watasimama?" Nikamwambia ndiyo, wanasikia sauti tu. "Nikisema 'kimbia'?" Wote watakimbia. Akatazama kadi. Kisha akamtazama mchezaji wa askari, ambaye Uhai wake ulikuwa 5, na jeraha ni la 7. Hakuna aliyesema kitu. Mchezaji wa askari akalivuta karatasi lake karibu, akashika penseli, akatikisa kichwa kidogo kukubali.

"Lulu, kimbia!"

Msomi akakimbia. Mwizi, aliposikia jina lisilo lake, akasimama. Na jeraha la askari likazibuka.

Nimeliangalia tukio hilo mara nyingi nikijiuliza kwa nini lilifanya kazi, wakati mfumo wa Uhai ulishindwa. Katika mfumo wa kwanza, kusita kwa mganga kulikuwa kwa hesabu, na hesabu ina jibu. Ukishalipata, kusita kumekwisha. Hapa namba zilikuwepo, 5 na 7, kila mtu alizijua, na bado hazikumpa jibu. Alichokilipa kilikuwa ndani ya mwili wa mwenzake, na hakuna tendo katika vile vitenzi vinane linaloweza kukizalisha tena. Hilo la mwisho ilibidi tulikamilishe papo hapo, maana kanuni ilikuwa kimya: je, jeraha lililozibuka linaweza kuzibwa mara ya pili? Tukakubaliana haliwezi. Msomi alivuka daraja kurudi kwa kupitia kamba iliyobaki, akakandamiza jeraha kwa mikono yake mpaka asubuhi. Askari aliishi, kwa dadu moja.

Yaliyobaki

Bado kuna mahali panapokwaruza. Kikao hicho hicho, kabla ya daraja, mchezaji wa mganga alikuwa amemwomba mwenzake penseli kwa kumwita jina lake halisi, na kukazuka mabishano kama sharti limevunjika. Nilihukumu kwamba maneno ya mchezaji si maneno ya mhusika. Wapo wanaopenda meza iwe kali zaidi ya hapo, lakini nimeona watu wakiogopa kusema lolote, na meza iliyonyamaza kwa hofu ni mbaya kuliko mganga anayejijaza. Pia mfumo huu hauwafai wanaotaka kutenda uganga kila zamu ya pigano; kwa masharti matatu ya siku tatu, mganga wetu hutenda mara mbili au tatu katika kikao kizima. Anayetaka ngurumo na radi kila dakika achukue mfumo mwingine, na wapo wazuri.

Na moto? Ulirudi kupitia dirishani. Kikao cha kumi na moja mchezaji wa msomi alimnong'oneza mganga, kisha mganga akatangaza: "Nafunika." Anafunika nini? Nyumba iliyokuwa inaungua kando ya njia. Aliufunika moto wote, akautia ndani ya kibuyu, akarusha dadu, zikaja 6, ikawa zamu yangu kuweka sharti. Nikaandika: "Usicheke."

Nilijiuliza usiku ule kama nimeuachia mchezo chemchemi nyingine. Nikapiga hesabu zote ninazozijua na sikuiona. Moto ule ulichukua nafasi moja kati ya tatu, haukujizidisha, na kuutoa kulihitaji mganga afanye kitu alichokatazwa, kwa makusudi, wakati wenzake wako karibu naye. Walitembea nao kikao kizima na nusu. Wenzake walimsimulia vituko vyote walivyovijua njiani, mganga uso umekauka, kibuyu kimefungwa kiunoni.

Walipofika lango la ukoo wa pili, walinzi thelathini wakiwa wamewazunguka, mkuu wao akawauliza wanategemea nini, watu wanne tu. Mganga akafungua kibuyu kiunoni, akakiweka chini katikati ya ua. Akarudi nyuma hatua tano, akacheka.